Likizo ya Mombasa na watoto wadogo: kutoka Unguja au Pemba bila kuvunja kibubu

Kwa familia ya Unguja au Pemba yenye watoto wadogo, nje ya nchi kwa bei nafuu ni Mombasa. Dubai na Istanbul ziacheni kwanza: nauli ya ndege ya watu wanne inamaliza bajeti kabla hamjalala usiku wa kwanza. Mombasa mnafika kwa boti na basi, viza hamlipi, lugha ni hii hii, chakula cha halali kiko kila kona, na saa za huko ndizo saa za nyumbani, kwa hiyo mtoto haamki usiku wa manane akitaka chai.

Kabla ya yote amueni mnakwenda kulipia nini. Bahari mnayo. Mchanga mweupe mnao, na wageni wanavuka dunia kuufuata. Kuongeza pesa ili dirisha la chumba litazame bahari ya Nyali ni kununua ulichokiacha uani. Lipieni ambacho mtoto hakioni Unguja wala Pemba: treni, ndovu, twiga anayekula mkononi, ngamia. Mkishika hilo, nusu ya hesabu imeshajipanga yenyewe.

Miezi mitatu kabla: pasipoti na herufi za majina

Pasipoti ndiyo gharama kubwa ya safari ya kwanza, na wengi huisahau wakahesabu nauli tu. Pasipoti ya kielektroniki ilianza Januari 2018, na ada ya ile ya kawaida ni shilingi 150,000 kwa kila kichwa. Mtoto mchanga naye ni kichwa. Siku hizi haandikwi ndani ya pasipoti ya mama. Baba, mama na watoto wawili ni shilingi 600,000 hata kabla ya kukanyaga boti. Kama safari ni hii moja na pesa ni finyu, ulizeni hati ya dharura ya safari, inayotumika kwa safari fupi za nchi jirani na ambayo bei yake ni ndogo sana. Lakini familia inayotarajia kusafiri tena ikate pasipoti, kwa sababu safari ya pili gharama hiyo haipo.

Maombi yanajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, ada inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kisha fomu inachapwa na kupelekwa ofisini: Unguja ni Kilimani, Pemba ni ofisi za Uhamiaji za mikoa. Nendeni na watoto wenyewe. Mkoba uwe na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, vyeti vya kuzaliwa vya wazazi, vitambulisho vya Taifa na picha.

Kinachokwamisha maombi mara nyingi si pesa bali herufi. Cheti cha mtoto kimeandikwa Khadija Mohammed Ali, kitambulisho cha baba kinasema Mohamed Ally, cheti cha ndoa kina Muhammed. Kwenu ni mtu mmoja. Kwa ofisa aliye mbele ya kompyuta ni watu watatu. Usiku mmoja tandazeni karatasi zote juu ya mkeka, mmoja asome jina herufi kwa herufi, mwingine afuate kwa kidole kwenye karatasi nyingine. Penye tofauti, anzeni na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, au na kiapo cha jina kama kosa liko pengine. Kazi hii inaweza kula wiki kadhaa, ndiyo maana tumesema miezi mitatu.

Jengine linatokana na desturi yetu ya majina. Mtoto wa kwetu anabeba jina la baba na la babu. La mama halimo. Mama anayesafiri peke yake na watoto anasimama mbele ya ofisa akiwa na jina lisilofanana hata kidogo na ya wanawe. Kinachomwokoa ni cheti cha kuzaliwa, kwa sababu humo jina lake limeandikwa kama mama mzazi. Basi vyeti halisi viende safarini pamoja na nakala zake. Mzazi asiyesafiri aandike barua ya ruhusa yenye majina ya watoto, namba za pasipoti, tarehe za kwenda na kurudi na simu yake, aipeleke kwa wakili igongwe muhuri, na aambatanishe nakala ya kitambulisho chake. Bibi au shangazi anayewachukua wajukuu anahitaji barua ya wazazi wote wawili.

Kadi ya njano: inadaiwa wakati wa kurudi

Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kwa hiyo Tanzania humdai kadi ya chanjo kila anayetoka huko akiwa na umri wa mwaka 1 na zaidi, raia wake wakiwemo. Wengi hupita kwenda bila kuulizwa chochote, wakajua wako salama, kisha wakakwama mpakani Horohoro siku ya kurudi, watoto wamechoka na pesa zimekwisha.

Chanjo huhesabiwa kuwa inafanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo mkichanjwa Jumatatu mkasafiri Ijumaa kadi yenu bado ni changa. Chanjeni mwezi mzima kabla. Mtoto aliye chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi, na mama mjamzito au anayenyonyesha mtoto mchanga sana azungumze na daktari kwanza. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hairudiwi baada ya miaka 10 kama zamani. Waulizeni maofisa wa afya wa bandarini Malindi, Unguja, au wa uwanja wa ndege ni wapi inapotolewa wiki hiyo. Kadi ya kununua bila sindano msiiguse: licha ya kuwa ni kosa, homa yenyewe haisomi kadi.

Mwezi gani

Angalieni kalenda ya skuli za Kenya kabla ya kalenda yenu. Desemba, Aprili na Agosti watoto wa Kenya wako likizo. Watu wa Nairobi huteremka pwani, treni hujaa na nyumba za kupangisha hupanda bei. Sikukuu za Idi nazo ni hivyo hivyo. Dirisha zuri ni likizo yetu ya katikati ya mwaka, Juni kuelekea Julai: kwao wanasoma, masika yamekwisha, na jua si kali.

Ubaya wake ni kusi. Miezi hiyo bahari ya mkondo wa Pemba na ile ya kwenda Dar es Salaam huchafuka. Chagueni chombo cha asubuhi, upepo kabla haujapanda, na kaeni chini katikati ya chombo kuelekea nyuma, pasiporushwa sana. Mtoto ale kitu kikavu na kidogo saa moja kabla: mkate, ndizi, biskuti. Chai ya maziwa na sambusa za bandarini ndizo zinazorudi. Dawa za kuzuia kutapika zenye promethazine hazipewi mtoto aliye chini ya miaka 2. Kwa mkubwa, kipimo kitoke kwa mfamasia kulingana na kilo zake, si kwa kukisia nusu ya kidonge cha mtu mzima.

Njia mbili, na kosa la kila mtu

Njia inayojulikana ni boti mpaka Dar es Salaam, kiasi cha saa mbili, kisha basi la Mombasa kupitia Tanga. Kosa ni kudhani vyote viwili vinafanyika siku moja. Mabasi ya Mombasa huondoka Dar asubuhi mapema, wakati boti ya kwanza ya Unguja bado iko baharini. Tena stendi kuu sasa ni Mbezi, mbali kabisa na bandari. Na mizigo, watoto na foleni, msafara huo peke yake ni saa moja na nusu au zaidi. Ulizeni kampuni yenu ya basi inapandishia wapi abiria, kwa maana baadhi zina ofisi zao mjini. Kisha kubalini kulala usiku mmoja Dar, karibu na pahala basi linapoondokea na si karibu na bandari. Siku ya pili ni kutwa nzima barabarani.

Njia tunayoipendekeza kwa wenye watoto chini ya miaka 6 ni ya Tanga. Wapemba wanaijua vizuri, Waunguja huipuuza. Kuna meli za Pemba kwenda Tanga, lakini si za kila siku, kwa hiyo tarehe ya likizo inapangwa kuzunguka siku ya meli. Mkifanya kinyume, mtakaa bandarini Mkoani mkihesabu mawimbi. Ulizieni ratiba wiki mbili kabla, mthibitishe tena siku moja kabla, maana upepo unaweza kuibadili. Mkifika Tanga laleni hapo. Asubuhi mna kilomita zisizozidi 70 mpaka Horohoro, na kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, kama 100 hadi Mombasa. Hata mpaka ukichelewa, mchana mko Likoni, kwenye kivuko cha kuingia Mombasa. Mtoto wa miaka 3 anavumilia nusu siku ya gari. Kutwa nzima anailipiza usiku.

Ndege ya moja kwa moja kati ya Unguja na Mombasa, inapokuwepo, ni chini ya saa moja. Kwa mama mwenye mtoto mchanga na mwingine wa miaka 2, linganisheni bei yake na jumla ya boti, basi, usiku wa njiani na chakula cha watu wote, si na nauli ya basi peke yake. Mtoto chini ya miaka 2 hulipa sehemu ndogo tu kwa sababu hapewi kiti.

Kwenye basi, ombeni viti vya theluthi ya mbele, mbali na magurudumu ya nyuma. Asubuhi mkielekea kaskazini jua liko kulia, kaeni kushoto. Kurudi asubuhi kaeni kulia. Mtoto wa kupakata halipi, lakini mtoto wa miaka 4 wa kupakatwa saa saba ni adhabu ya watu wawili, mkatieni kiti. Kwa kutapika bebeni kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, ndani yake muweke karatasi za chooni au kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili, Kenya tangu Agosti 2017 na faini yake si ya mchezo, kwa hiyo nguo chafu na nepi zilizotumika ziingie kwenye mfuko wa kitambaa wenye zipu au ndoo ndogo ya mfuniko. Makuti na ukili pia vina kazi: kikapu cha ukili chenye vifungo hubeba chakula cha njiani na hewa inapita.

Chakula chenyewe: vileja, visheti, mkate wa kumimina uliokauka vizuri, mayai ya kuchemsha yaliwe asubuhi hiyo hiyo, ndizi, tende zilizotolewa kokwa. Njugu msimpe mtoto chini ya miaka 5 ndani ya gari inayoruka. Zinaingia njia ya hewa.

Horohoro na Lunga Lunga

Kituo hiki hufanya kazi kwa mtindo wa pamoja. Mkielekea Kenya mnapitiliza mpaka jengo la upande wa Kenya, na humo maofisa wa nchi mbili wako jirani: dirisha moja muhuri wa kutoka Tanzania, linalofuata muhuri wa kuingia Kenya. Kurudi ni kinyume chake, kila kitu kiko upande wa Tanzania.

Kabla hamjashuka, piga picha ya namba ya usajili wa basi na uchukue simu ya kondakta, mwambie ni wangapi na kuna mtoto mdogo. Mzazi mmoja awapeleke watoto chooni kwanza, mwengine ashike foleni na pasipoti zote. Mkishagongewa, msiondoke dirishani. Fungueni kila pasipoti, mtazame mambo matatu: muhuri wa kutoka upo, wa kuingia upo, na siku alizopewa kila mtu zinatosha na zinafanana. Pasipoti ya mtoto ndiyo inayorukwa, maana ofisa anaona mama mmoja na rundo la vitabu. Mtoto asiye na muhuri wa kuingia ataonekana siku ya kutoka kama aliyepita porini. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza; yeyote anayewaambia kuna "ada ya mtoto" aombwe risiti.

Mizigo hufunguliwa. Hapa neno kwa Wapemba hasa: karafuu za zawadi ziacheni nyumbani. Ni zao linalouzwa kupitia ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo ya karafuu kwenda Kenya yana historia ndefu, kwa hiyo kilo mbili za shangazi wa Mombasa zinaweza kukugharimu siku nzima ya maelezo. Mpelekee vileja au ubuyu. Halua wanayo yao, na watakwambia ni bora kuliko ya kwenu.

Wabadilisha pesa wa mpakani wana tabia ya kuhesabu haraka, kukurudishia, kuhesabu tena, na mara ya mwisho noti mbili zimebaki kiganjani mwao. Badilisheni nyingi dukani mjini kabla ya safari, na mpakani ya tuktuk na maji tu. Noti ikishaingia mkononi mwako, isirudi kwake.

Shilingi ya Kenya inavyodanganya

Shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za Tanzania. Tazameni kiwango cha siku hiyo, lakini kwa kichwa tumieni 20. Hesabu ya haraka: rudufu, ongeza sifuri. Tuktuk ya 150? Rudufu ni 300, ongeza sifuri ni 3,000. Pesa za likizo haziishi kwa mambo makubwa. Zinaisha kwa sababu macho yetu yamezoea kuona 200 kama si kitu, na kumbe ni 4,000. Barafu ya 100 mara watoto wawili mara siku sita ni shilingi 24,000 za kwetu. Mtu akisema "soo mbili" anataka 200. "Finje" ni 50. "Thao" ni 1,000.

Malipo mengi huko ni kwa M-Pesa, na sehemu nyingi za serikali hazipokei noti kabisa. Nunueni laini moja ya Kenya kwenye duka rasmi kwa pasipoti, muweke humo pesa ya siku mbili mbili. Akiba ya dharura iwe mbali na hizo: nauli ya kurudi ya watu wote, malazi ya usiku mmoja na pesa ya daktari. Mkipanga kwa upatu, ombeni zamu ya mwezi unaotangulia safari na si mwezi wenyewe. Mchezaji mmoja akichelewa, likizo imekwama.

Pa kulala

Nyumba ya kupangisha kwa siku yenye jiko na friji, Bamburi au Nyali upande wa ndani wa barabara kuu, inawafaa kuliko hoteli. Uji wa mtoto mnapika wenyewe, maziwa hayaharibiki, nguo zinafuliwa. Kabla ya kulipa ulizeni: maji yanatoka saa zote au kuna tangi? Vyandarua vipo? Ni ghorofa ya ngapi, na baranda ina kizuizi ambacho mtoto hapiti? Umeme ni wa kujaza au umo kwenye bei? Usilipe yote kabla ya kuona. Toa ya usiku mmoja kama ahadi.

Wengi wetu tuna jamaa Mombasa, na kufikia kwa jamaa ni heri, ila si bure. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: kwa zama hizi jembe ni mchele, mafuta ya kupikia, na umeme wa siku mlizokaa. Kaeni siku mbili, mle nao, kisha hamieni kwenye nyumba yenu. Watoto wenu wawili na wao wanne kwenye chumba kimoja kwa wiki nzima huvunja undugu uliodumu tangu enzi za majahazi.

Siku zenyewe

Mtoto mdogo ana matembezi mamoja kwa siku: ama saa mbili asubuhi mpaka tano, ama saa kumi mpaka magharibi. Katikati alale. Ukimpangia mawili, la pili unalilipia ili akalilie.

Treni ndiyo kilele. Madaraka Express inakwenda Nairobi tangu 2017, kituo chake kiko Miritini nje kidogo ya mji. Daraja la kawaida mpaka Nairobi ni shilingi 1,500 za Kenya tangu 2024. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 nusu, chini ya 3 hapati kiti na halipi. Wazazi wawili, mtoto wa miaka 6 na wa miaka 2 ni 3,750 kwenda, 7,500 kwenda na kurudi, yaani kama 150,000 za kwetu. Lakini saa tano sita za safari, kisha Nairobi yenye baridi ya Juni na malazi mapya, si kwa mtoto wa miaka 2.

Kwa wadogo ishieni Voi. Treni ya asubuhi saa mbili kutoka Mombasa ni ile inayosimama vituo vya njiani, nauli ya mpaka Voi ni ya chini, na reli inakata hifadhi ya Tsavo. Ndovu wa huko wana rangi ya udongo mwekundu wanaojimwagia, na mara nyingi huonekana dirishani bila kulipa getini. Mnashuka Voi, watoto wanakimbia na kula, kisha mnarudi na treni inayotoka Nairobi asubuhi hiyo hiyo, inayopita mchana. Hakikisheni ratiba siku mnapokata tiketi, na kateni ya kurudi pamoja na ya kwenda.

Tiketi huandika saa kwa namba za kizungu: 15:00 ni saa tisa alasiri, 8:00 ni saa mbili asubuhi. Kuna familia hufika saa nane mchana kwa treni iliyokwisha ondoka. Majina kwenye tiketi yafanane na pasipoti, kwa sababu mlangoni hulinganishwa. Jamaa wa Mombasa anaweza kuwakatia kwa simu yake.

Fikeni Miritini saa moja kabla. Nje ya jengo mtaambiwa mpange mizigo chini kwenye mstari, mrudi nyuma, na mbwa wa polisi atapita akinusa begi moja moja. Watoto wetu wengi hawajawahi kusimama hatua tatu kutoka kwa mbwa mkubwa. Waambieni mapema, nyumbani, kwamba anafanya kazi na amefungwa kamba, na mdogo abebwe. Kama mnajali kuhusu mate yake, vikeni mabegi kanga kuukuu, kisha mwivue na kuikunja mkishapita. Chakula kiwe ndani ya begi lililofungwa.

Haller Park, Bamburi, ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji mpaka miti ilipoanza kupandwa humo 1971. Pana njia za kivuli, viboko, mamba, na saa maalumu za kulisha twiga kwa mkono. Ulizeni getini kabla ya kulipa, muingie nusu saa kabla ya hiyo saa. Pana pia kobe wakubwa wa aina ya wale wa kisiwa cha Changuu. Mmoja wao, Mzee, ndiye aliyefuatwa kama mama na kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004. Kisa hicho kinamtuliza mtoto robo saa nzima.

Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno 1593, ipeni saa moja tu. Mtoto wa miaka 4 anataka mizinga na ngazi. Hapa na kwenye hifadhi za serikali raia wa Afrika Mashariki wana bei yao, chini ya ile ya wageni wengine, lakini bila pasipoti mkononi mtatozwa kama Wazungu. Ngamia wako ufukwe wa umma wa Bamburi: patana bei kwa kila mtoto na kwa umbali, kabla hajapandishwa, na Jumapili msiende. Jioni, bustani ya Mama Ngina haina kiingilio. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, madafu, na meli kubwa zinazoingia Kilindini karibu kiasi cha kumpungia baharia.

Kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu. Epukeni asubuhi na jioni watu wa kazini wanapovuka. Umati ukiachiwa huenda kwa kasi, na mtoto ashikwe kifundo cha mkono, si vidole.

Mfuko wa dawa na wiki mbili za baada

Paketi 4 za ORS, kila moja kwa lita 1 ya maji safi, na vidonge vya zinki. Dawa ya maji ya paracetamol: ile yenye miligramu 120 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 12 hupewa mililita 5, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Kipimajoto. Chandarua cha mtoto mkibebe wenyewe hata mkiambiwa vipo, kwa sababu kilichotoboka pia huitwa kipo.

Malaria kwetu imeshuka sana, na ndiyo hatari yenyewe: mtoto aliyekulia Unguja au Pemba hana kinga ya malaria ya mbu wa pwani ya Kenya na bara, nayo humpiga vikali. Walazeni ndani ya chandarua kila usiku, wa Tanga na wa Dar ukiwemo. Homa ya malaria haitoki siku ya pili. Kwa kawaida huja wiki moja hadi mbili baada ya kuumwa, wakati mabegi yameshafuliwa na watoto wamerudi skuli. Mtoto akipata joto ndani ya mwezi mmoja wa kurudi, mpelekeni siku hiyo hiyo akapimwe, na neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba alikuwa Mombasa.